Mawese Kwenye Mtutu

Injini ilizimika mara ya kwanza walipokwisha kuipita midomo ya mto Malagarasi, ikawashwa. Ikazimika mara ya pili, ikawashwa kwa matusi. Mara ya tatu haikuwaka tena, na hapo ziwa lilikuwa limeshageuka rangi.

Haruna, mwenye boti, alivuta kamba ya injini mpaka kiganja kikachubuka. Alikuwa mtu wa Ujiji, wa makamo, mwenye tumbo la kuheshimika na mdomo usiofunga. Sasa alikuwa amenyamaza, na Haruna akinyamaza ujue mambo yameharibika. Mbele yake, ubavuni mwa madumu ya mawese aliyokuwa akiyapeleka kusini kuuza, alilala Yunisi, afisa wanyamapori wa wilaya, akitapika kisichokuwepo.

Yunisi alikuwa binti wa Kasulu, wa milimani. Nyati alimjua, chui alimjua, porini alitembea kama yuko uani kwao. Ziwa ndilo lililomwonea. Tangu waondoke Kibirizi asubuhi, boti ilipoanza kurukaruka tu, alikuwa hana habari na dunia. Jambo la mwisho alilolifanya kwa akili timamu ni kumkabidhi Haruna bunduki yake.

"Baba Luqman, nishikie hii. Isilowe."

"Haitalowa, mwanangu. Lala."

Kanuni za kazi zinakataza silaha kutoka mkononi mwa mwenyewe, tena zinakataza vikali. Lakini aliyeziandika kanuni hizo nadhani hakuwahi kutapika ziwani.

Walikuwa wakienda Lusanza, kijiji kilichokaa nyuma ya kilima, karibu na mdomo wa mto wa jina hilohilo. Hapo mtoni kulikuwa na mamba aliyezoea watu. Wa mwisho kuchukuliwa alikuwa mama aliyekwenda kuosha vyombo. Sufuria zake zilikutwa zimepangwa vizuri, mwenyewe hayupo. Tangu siku hiyo hakuna aliyesogelea mdomo wa mto. Mashamba ya upande ule yaliachwa na mitumbwi ikahamishiwa ng'ambo ya kilima. Wanakijiji walipiga simu wilayani mpaka wakachoka, na Yunisi akatumwa.

Mvua ilifika na upepo wake. Boti isiyo na injini haina tofauti na gogo, ikageuzwa ubavu, ikanywa maji. Haruna alichota kwa ndoo huku akimwita Mwenyezi Mungu kwa majina yote anayoyajua. Yunisi alisahau kutapika, akachota kwa sufuria. Wimbi moja likawanyanyua, likawaonyesha miamba, likawapeleka hukohuko. Mbao zilipasuka kwa kishindo. Yunisi alikunywa maji, akapigwa na jiwe mgongoni, akashika kitu laini kilichokuwa shati la Haruna, akalivuta hadi miguu yake ilipogusa kokoto.

Mvua ilipokatika waliona walipotupwa. Ilikuwa pwani nyembamba ya kokoto. Nyuma yao genge la mawe lilisimama wima, hata nyani angefikiri mara mbili. Kaskazini miamba iliingia ziwani na mawimbi yalikuwa yakiivunjikia. Kusini ndiko kulikokuwa na mto. Ng'ambo ya mto ilionekana michikichi, mashamba ya mihogo yaliyomea magugu, na kijia kinachopanda kilima. Kwa mtu mzima wa miguu, zahanati ya Lusanza haikuwa mbali.

Lakini Haruna hakuwa mzima wa miguu. Ubao uliovunjika ulikuwa umemwingia pajani na kuchana nyama hadi karibu na goti.

"Ni mkwaruzo," alisema.

"Mkwaruzo gani unaoonyesha mfupa? Tulia." Yunisi alichana khanga aliyoikuta imenasa kwenye mbao, akakaza juu ya jeraha, akafunga.

Ziwa liliwarudishia vitu vichache: madumu ya mawese, kiroba cha dagaa waliolowa, mshipi wa kuvulia, na bunduki iliyozungushiwa nailoni na kufungwa kamba kama mgonjwa wa mifupa. Yunisi alipoiona nusura alie. Simu za wote wawili zilikuwa zimekufa. Ndani ya bunduki mlikuwa na risasi nne, zote za toleo jipya la ofisini, na mfukoni mwake mbili za zamani, za kampuni nyingine, zenye vichwa vyepesi. Nyingine zote ziko chini ya ziwa mpaka leo.

Kesho yake jua lilitoka, na pamoja na jua akatoka mwenye mto. Alipanda kwenye ulimi wa mchanga ng'ambo, taratibu, bila wasiwasi, akatandaza tumbo na kuachama. Yunisi alikuwa ameona mamba wengi. Huyu alimfanya amtaje Mungu.

Penye mchanga ule ndipo palipokuwa na kivuko; mahali pengine mto ulikuwa na kina. Aliyetaka kupita alipaswa kupita puani mwake.

Yunisi alifungua komeo la bunduki, akachungulia mtutuni, akaona mwanga. Mtutu ulimetameta ndani, akadhani ni maji. Akautikisa, akaona imetosha. Nje bunduki nzima ilikuwa na mafuta mekundu, lakini nani asiyekuwa na mafuta siku hiyo? Dumu moja lilikuwa limepasuka na kila kitu pwani kilinuka mawese.

Alilala kifudifudi. Umbali ulikuwa mita mia na kidogo, na ubongo wa mamba ni mdogo kama limau, umekaa nyuma ya jicho. Kwa bunduki hii alikuwa ameshapiga vitu vidogo kuliko hicho. Alilenga, akatoa pumzi nusu, akavuta.

Tako la bunduki lilimpiga bega kwa nguvu asiyoizoea. Mchanga uliruka mkono mzima juu ya mgongo wa mamba. Mnyama akajitumbukiza majini, yakafunga juu yake, basi.

"Umempata?" Haruna aliuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Baba Luqman, hapana!"

Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alijaribu kufungua komeo, likagoma. Ikabidi alipige kwa kiganja ndipo ganda la risasi litoke. Hilo lilimshtua kuliko kukosa. Komeo hili halikuwahi kugoma. Akaligeuza ganda, akaona limepakwa mafuta. Akatoa risasi zilizobaki: nazo zilipakwa, moja moja, kwa uangalifu. Akaingiza kidole cha mwisho kwenye mdomo wa mtutu, kikatoka chekundu. Akakinusa.

"Nani ameweka mawese ndani ya bunduki yangu?"

Haruna aliangalia ziwa. Kisha akaangalia mguu wake. Hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia.

"Ulisema isilowe," alisema. "Marehemu baba alikuwa na gobori. Kila akivuka ziwa alilinywesha mawese, na risasi zake anazipaka, akifika analipangusa. Halikupata kutu hata siku moja, wallahi. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa unatapika. Halafu boti ikavunjika."

"Gobori ni bomba la maji! Hii ina mifereji ndani, inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Umeijaza mafuta, risasi itashika nini? Na kule nyuma, ganda linatakiwa lishike kuta likipasuliwa na moto. Ukilipaka mafuta linateleza, nguvu yote inarudi kwenye komeo. Ingeweza kunipasukia usoni!"

"Astaghfirullah."

"Ndiyo, astaghfirullah!"

Alikwenda mwisho wa pwani, akakaa juu ya jiwe na kumpa mgongo. Alikuwa na hasira kali, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana aliyetoa silaha mkononi ni nani? Ni yeye. Na aliyechungulia mtutu akaridhika na mwanga, bila hata kutia kidole? Ni yeye vilevile.

Usiku ule paja la Haruna lilivimba. Asubuhi lilikuwa na joto kama jiwe la jikoni na kitambaa kilinuka. Yunisi aliliosha, akaona mstari mwekundu ukipanda kuelekea kinenani. Alijua maana yake, kwamba sumu ya kidonda imeingia damuni, na Haruna alijua kwamba anajua.

"Zahanati," Haruna alisema, "wana dawa ya hii?"

"Wanayo."

"Ikichelewa?"

Yunisi aliinamia kitambaa, akakifunga upya. Haruna akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza.

"Vuka wewe. Ukisalimika lete watu. Usiposalimika, basi angalau tutakuwa wote kule."

"Acha upuuzi. Nikiingia majini na yule yumo, hatavuka mtu."

Akaanza kazi. Alichana khanga vipande vyembamba, akafunga kimoja kwenye mshipi wa kuvulia, akauvuta ndani ya mtutu kutoka nyuma kwenda mbele. Kilitoka na utelezi mwekundu, mgumu kwa ubaridi wa asubuhi. Akavuta kingine, na kingine, na kingine. Alifuta chemba inamokaa risasi, akafuta uso wa komeo, akafuta risasi moja moja hadi shaba ikawa kavu. Haruna alikuwa akichana vitambaa na kumpa bila kusema neno, jambo ambalo mkewe Mwasiti asingeliamini.

Kisha akajaribu kupitisha ukanda wa nailoni kati ya mtutu na mti wa bunduki unaoubeba. Siku zote ulipita bila kugusa. Sasa upande wa kulia uligoma.

"Nini tena?"

"Mti umekunywa maji, umevimba. Unausukuma mtutu kushoto."

"Uchonge, si kisu unacho?"

"Nikichonga sijui nitaupeleka wapi. Na ukikauka kwa jua utarudi tena wenyewe, kidogo kidogo. Leo inapiga mahali fulani, kesho itapiga pengine." Akaupitisha ukanda mara nyingine. "Kwa hiyo ni leo. Kwanza nijue inapiga wapi leo."

Alichukua ubao wa boti, akachovya kidole kwenye dumu, akachora doa jekundu katikati. Aliusimamisha ubao kwenye mawe huko mwisho wa pwani, umbali uleule wa kutoka pale walipo hadi kwenye ulimi wa mchanga. Akajaza kiroba mchanga, akakilaza juu ya jiwe, akaegemeza mti wa bunduki hapo, siyo mtutu.

Haruna alikuwa akitazama, na uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, nimekosa, nakubali. Lakini tuna risasi tano tu duniani, na wewe unataka kuua ubao?"

"Tatu. Zile mbili za zamani ni wageni. Kichwa chake chepesi, baruti yake nyingine, zinakwenda kwao. Siwezi kupima kwa hii na kuua kwa ile."

"Hizo tatu basi, zote si za mamba?"

"Nikimpiga mamba tatu bila kujua, ni kubahatisha mara tatu. Bunduki haipigi unapotaka, Baba Luqman. Inapiga inapopiga. Ninachoomba mimi ni ipige mahali pamoja. Pakiwa pamoja, hata pakiwa pabaya, nitajua la kufanya."

"Na kama si pamoja?"

"Basi niombee."

Alitanguliza risasi moja ya kigeni ili ichome mafuta yaliyojificha kwenye mifereji. Moshi mweusi ulitoka mtutuni, harufu ya kaango ikatanda, na ubao haukuguswa. Haruna alifumba macho. Yunisi alisubiri mtutu upoe, hadi alipoweza kuuweka shavuni. Mtutu wa moto hupindisha shabaha, na mamba angepigwa na mtutu baridi.

Ya kwanza kati ya tatu ilitoboa ubao kiganja kimoja chini ya doa, kushoto. Alikwenda akaangalia, akarudi. Ungesema ni mbaya, lakini uso wake haukuonyesha kitu. Tundu moja halisemi neno. Lingeweza kuwa kosa la bega lake au pumzi yake. Akangoja tena mtutu upoe.

Zilibaki mbili. Haruna aliona kidole cha Yunisi kikisita kwenye kifyatulio, kikaondoka, kikarudi. Angeiweka hii akiba, angekuwa na mbili za kumpiga mamba. Akivuta, atabaki na moja. Alikuwa anaogopa, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Akavuta.

Alikwenda kwenye ubao akachuchumaa. Matundu mawili yalikuwa yamegusana. Yunisi alikaa kwenye kokoto, akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye masizi.

"Vipi huko?" Haruna alipaza sauti.

"Pabaya, lakini mahali pamoja!"

"Alhamdulillah! Ndiyo nini sasa?"

Waliloa jasho wakisubiri. Jua lilipanda. Milio ilikuwa imemfukuza mwenye mto, na hakuna mtu wa kijijini aliyeisikia, maana upepo ulikuwa ukiipeleka ziwani. Yunisi aliifunika bunduki kwa khanga iliyoloweshwa ili mti usikauke haraka. Haruna alitetemeka kwa homa, akaanza kuongea na mwanawe Luqman kana kwamba yupo. Alimwambia asiiuze boti, akasahau kwamba boti haipo.

Kisha maji yakapasuka kimya kimya, na yule akapanda mchanga. Safari hii hakutandaza tumbo. Alisimama nusu, mkia majini, kichwa kikiwatazama.

Yunisi aliweka shavu kwenye mti. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko yote, na haikuwa ya bunduki. Ili risasi iingie nyuma ya jicho, ilimbidi alenge kiganja kimoja juu na kulia, mahali pasipo na mamba. Palikuwa na hewa tu, na ng'ambo yake jani la tete likipepea. Kila alichowahi kufundishwa kilimwambia arudi kwenye jicho. Kijichuma cha kulengea mbele ya mtutu kikajivuta chenyewe kuelekea huko, akakirudisha kwenye hewa. Kikajivuta tena, akakirudisha.

"Yunisi," Haruna alimwita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Ubao haukudanganyi."

Alitoa pumzi nusu, akalenga pasipo na kitu, akavuta.

Mkia ulipiga maji mara moja, ukainuka, ukaanguka. Kichwa kilikuwa kimelala mchangani kama kilichochoka. Halafu mwili wote ukateleza nyuma, pole pole, ukazama, na kilichobaki ni mfereji mchangani.

"Amekufa?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Nadhani, Baba Luqman. Twende."

Alikuwa amemwaga mawese ya madumu manne na kuyafunga pamoja kwa kamba. Haruna alipoyaona yakimwagika asubuhi alikuwa amegeuza uso, kwa vile ile ilikuwa biashara ya mwezi mzima. Sasa alilazwa juu ya madumu hayo matupu. Yunisi aliingiza ile risasi moja ya kigeni iliyobaki, ambayo hata yeye hakujua ingekwenda wapi, akaivaa bunduki shingoni, akaingia majini.

Maji yalikuwa ya kahawia, hayaonyeshi kitu. Yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Alisukuma madumu kwa mikono miwili na kuhesabu pumzi za Haruna badala ya hatua. Katikati kitu kizito, laini, kilimgusa mguu. Kitu kile kilijigeuza na mkondo, tumbo likatokea juu, jeupe, kubwa kama mlango, likapita ubavuni mwa Haruna na kuelekea ziwani.

Haruna alilitazama likipita.

"Shikamoo," akaliambia, kwa adabu kabisa.

Wavulana waliokuwa wakichunga mbuzi kilimani waliliona lile tumbo jeupe likielea, wakakimbia kuita watu. Walipofika mtoni walimkuta mwanamke kwenye matope, amemkumbatia mzee aliyezimia, na alipowaona hakusalimia. Alisema tu, "Zahanati. Mbebeni yeye kwanza."

Nilichosikia ni kwamba mamba alivutwa pwani siku ile ile, na wanawake wa Lusanza walikwenda mtoni kuosha vyombo kabla hata hajachunwa. Tundu lilikuwa nyuma ya jicho. Mguu wa Haruna ulipona, ingawa hukunjika kwa shida na akienda msikitini husali kwenye kiti, jambo linalomuudhi.

Yunisi bado anatapika ziwani. Tofauti ni kwamba siku hizi anatapika huku bunduki imelala mapajani mwake, na ukijitolea kumshikia anakutazama mpaka unaondoka zako. Kabla ya kila kazi anatia kidole mtutuni.

Mvua zilipokwisha alikwenda Ujiji kumjulia hali Haruna. Alimkuta kibarazani, mguu umenyooshwa, akiwasimulia majirani habari ya mamba; katika hadithi ile mamba alikuwa ameongezeka urefu. Mwasiti alimkumbatia mgeni, akamlisha ugali na samaki wa migebuka mpaka akaomba msamaha. Wakati wa kuaga, Haruna aliinuka kwa fimbo, akaingia ndani, akatoka na dumu jipya la mawese, jekundu, limefungwa vizuri. Akalisimamisha miguuni pa Yunisi.

"Afisa," alisema, "haya ni ya kupikia. Ya kupikia tu."